AFYA YETU: Pamba juu ya misindano

Je, umepanda misindano, ile miti ambayo wengine huiita paina? Tazama matawi machanga. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, usiseme haraka kuwa ni ukungu. Huenda ni wadudu.

Pima hivi. Chukua kijiti, kwangua pamba hiyo taratibu. Ikinata na kunuka paina, ni utomvu wa mti. Lakini ikiwa laini kama sufi, tazama ndani yake. Ukiona vijidudu vya rangi ya kahawia, vidogo kuliko kichwa cha pini, hivyo ni vidukari vya misindano. Pamba ile ni nta. Wanaitoa mwilini ili kujifunika wao na mayai yao.

Vidukari hufyonza maji ya mti. Majani huwa ya manjano, kisha hupukutika. Ncha za matawi hufa. Miche midogo huumia zaidi.

Wadudu hawa walionekana Kenya mwaka 1968. Waliingia na vikonyo vya misindano vilivyoletwa kutoka Australia. Baadaye walifika Tanzania. Husafiri kwa upepo, kwa miche, hata kwa nguo za watu.

Hawaumi binadamu. Hatari kwa afya yako ni sumu. Usichukue dawa ya josho wala dawa ya pamba ukanyunyizia miti mirefu. Dawa haifiki juu. Hukurudia usoni, ukaivuta kwa pumzi na kuingia mwilini kupitia ngozi. Pia huua wadudu wema wanaokula vidukari. Ukimwagikiwa na sumu, vua nguo, oga kwa maji mengi na sabuni, uende zahanati upesi. Chukua karatasi ya kopo la dawa umwonyeshe mganga.

Fanya haya:
1. Kagua miche kabla ya kuinunua au kuihamisha.
2. Miche yenye pamba ing'oe, uiteketeze shimoni, mbali na msitu.
3. Kung'uta nguo zako kabla ya kwenda shamba jingine.
4. Mwite Bwana Misitu aione miti mikubwa. Mti mkubwa wenye nguvu mara nyingi hupona.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Utatofautishaje utomvu na vidukari?
2. Kwa nini tusinyunyizie sumu miti mirefu?
3. Nani atakagua bustani ya miche ya kijiji chetu?