Yusuf na Deni la Baba

Mwaka 2022 Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar es Salaam walioanza kazi mwaka 1991, walitoa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, mshindi wa Nobel ya 2021. Ida Hadjivayanis ndiye aliyeitafsiri.

Yusuf, mwenye miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz, akidhani ni ndugu yao. Kumbe baba amemtoa kwa sababu ya deni! Khalil, kijana wa dukani aliyetolewa vivyo hivyo, ndiye anayemfumbua macho.

Hapo tulikifunga kitabu kwanza. Yule binti tuliyeletewa kutoka kijijini atusaidie kazi, je, tumewahi kumwuliza aliambiwa nini nyumbani? (Watoto wadogo wasubiri, kina mambo ya wakubwa.)