Kitenzi "Kuanuwaisha" na Matumizi Yake Katika Huduma

Kitenzi kuanuwaisha hutumiwa katika mipango ya maendeleo, nacho chaweza kuingia katika taarifa za sharika zetu. Yatupasa watumishi wa Neno kukielewa kabla ya kukipeleka mimbarani.

Kitenzi hiki chatokana na neno anuwai, lenye asili ya Kiarabu, yaani aina mbalimbali. Kama imara izaavyo kuimarisha, vivyo hivyo anuwai huzaa kuanuwaisha: kufanya aina za kitu ziwe nyingi zaidi. Tusikilinganishe na kuongeza, ambako ni kuzidisha idadi tu. Wala na kutofautisha, ambako ni kupambanua kitu na kingine.

Tuchukue mfano wa Rungwe. Mkulima wa kando ya Tukuyu mwenye ekari moja ya chai akipanda ekari ya pili ya chai, ameongeza, hajaanuwaisha. Bei ya majani mabichi ikishuka, ekari zote mbili huumia siku moja. Bali jirani yake mwenye migomba, na katikati yake kahawa, maharage na magimbi, amekianuwaisha kilimo chake. Zao moja likikosa, jiko halizimiki. Mhubiri 11:2 nayo yashauri kugawa fungu sehemu nyingi, kwa kuwa mabaya yajayo hatuyajui. Wafafanuzi wengine huona hapo sadaka, wengine biashara. Hoja ni ile ile.

Katika Agano Jipya, 1 Petro 4:10 yaieleza neema ya Mungu kwa neno la Kiyunani poikilos, ambalo Septuaginta ilikwisha kulitumia kwa kanzu ya Yusufu (Mwanzo 37:3). Neema ni moja, kama kanzu ile ilivyokuwa moja, nayo ina namna nyingi. Kwa hiyo si sisi tunaoianuwaisha neema. Mungu amekwisha kuigawa hivyo. Kinachoanuwaishwa ni huduma yetu, ili karama alizozitoa zipate nafasi.

Ushirika wenye kwaya mbili ukianzisha ya tatu, umeongeza. Ukimpa nafasi mama ajuaye kuuguza, kijana fundi seremala na mzee msuluhishi wa magomvi, umeanuwaisha huduma. Basi kabla ya kuliandika neno hili katika taarifa, tujiulize: ni karama gani iliyokuwa imekaa bure kwenye benchi mwaka jana, ambayo mwaka huu inatumika? Tukikosa jibu, tuandike tu kwamba tumeongeza.