"Adili na Nduguze": kitabu kibishaniwe, kisifungiwe



Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako ili nami nitoe maoni yangu machache kuhusu kitabu cha "Adili na Nduguze" cha marehemu Shaaban Robert. Katika kijiji ninachofundisha kitabu hiki kimezua ubishi ambao umefika hadi kwenye kamati ya shule. Wapo wanaotaka kiondolewe rafuni, na wapo wanaosema kikiondolewa wao wataacha kuchangia hata chaki. Kwa kuwa nadhani ubishi kama huu upo na mahali pengine, si vibaya wasomaji wenzangu wakatusikia.

Kwa faida ya wale ambao hawajakisoma, kitabu hiki kilitolewa mwaka 1952. Mwandishi wake alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Hadithi yenyewe ni ya Adili, liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibuni, ambaye kila usiku huwapiga viboko manyani wawili. Mfalme anapopata habari anamwita ajieleze, ndipo tunapojua kwamba manyani wale ni nduguze wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Alikuwa amewafadhili walipofilisika, akasafiri nao. Katika safari hiyo alimwokoa jini aitwaye Huria, na katika mji ambao watu wake waligeuka mawe alimkuta binti mmoja hai, Mwelekevu, wakapendana. Nduguze walipoona hivyo wivu ukawapanda, wakamtupa baharini. Huria akamwokoa, akawageuza wale wawili manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku, na akikosa ataadhibiwa yeye.

Basi tazama, Mhariri, jinsi hadithi moja inavyosomwa kwa macho mengi.

Kundi la kwanza ni la wazazi wanaosema kitabu kina majini, na mtoto hafai kusoma habari za majini asije akaingia katika ushirikina. Hawa siwacheki, kwa sababu ushirikina umetuletea madhara makubwa katika nchi hii. Hata hivyo nawaomba wakisome kitabu kwanza, kisha waniambie ni nani aliyemtupa Adili baharini. Si jini. Ni ndugu zake, tena kwa sababu ya husuda tu. Huku vijijini mtu akijenga nyumba ya bati tunauliza amepata wapi dawa, na ng'ombe wake akifa tunauliza ni nani amemroga. Kitabu hiki kinamwambia mtoto kwamba Adili alipata kwa kazi yake, na kwamba baya lililomfika lilitoka moyoni mwa binadamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Sijaona somo la kupinga ushirikina lililo jepesi kueleweka kuliko hilo.

Kundi la pili linalalamikia mapenzi. Linasema Adili na Mwelekevu wanapendana, na wanafunzi wa darasa la sita hawapaswi kusoma hayo. Mimi nasema mapenzi ya kitabu hiki ni ya heshima. Tena watoto wetu wanaona mapenzi ya namna nyingine kwenye simu za kaka zao, ambako hakuna mwalimu wa kuwaeleza lolote. Nawakumbusha pia wenzangu habari ya "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi. Kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku shuleni, na baadaye kikaja kusomwa katika shule za sekondari. Kile kilisema mambo makali kuliko haya, na bado tuliona faida yake.

Kundi la tatu ni la wasomi, na hasa vijana waliomaliza sekondari. Wao hawaogopi majini wala mapenzi. Wanasema hadithi yenyewe si yetu, imechukuliwa katika "Alfu Lela Ulela", na tena wahusika wake hawana uhai, maana mtu akiitwa Hasidi unajua mapema atakalotenda. Hapa wanasema kweli kwa sehemu. Katika "Alfu Lela Ulela" iko hadithi ya liwali wa Basra na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa. Lakini vijana hawa wangeendelea mbele kidogo wangeona kwamba Shaaban Robert hakunakili. Aliwageuza mbwa kuwa manyani, na kubwa zaidi, aligeuza mwisho. Katika hadithi ya zamani ndugu wale wanarudishiwa ubinadamu, kisha wanarudia ubaya wao na kuuawa. Katika kitabu chetu wanatubu na kusamehewa. Huo si mwisho ule ule. Ni mwandishi aliyekataa kuamini kwamba mtu mbaya hawezi kubadilika, na mimi kama mwalimu siwezi kushika kazi yangu hata siku moja bila ya imani hiyo.

Juu ya majina nakubali kwamba yanafichua mambo mapema. Ila naona ajabu mtu anayelalamika juu ya jina la Hasidi, na hapo hapo anakijua kijijini kwake kila kisa cha ndugu waliofikishana barazani kwa shamba la urithi. Wanafunzi wangu hawakuuliza kwa nini ameitwa Hasidi. Waliuliza kwa nini mtu anayefadhiliwa anamchukia anayemfadhili. Hilo ni swali la mtu mzima, na jibu lake silipati katika kitabu chochote cha kiada.

Kundi la nne ndilo lililonipa kazi kubwa, nalo ni la wanafunzi wenyewe. Wavulana wengi wanasema viboko ni haki ya wale manyani, hata mfalme alikosea kuwahurumia. Wasichana wengi wanampenda Huria kwa kuwa ana nguvu na hamngoji mtu amtetee, lakini wapo waliosema hukumu yake ni mbaya kuliko kosa, kwani inamlazimisha mtu asiye na hatia kuwa mpigaji. Msichana mmoja alisema kwamba anayeadhibiwa kweli kila usiku ni Adili. Darasa lilinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa kuwa mjadala wa viboko shuleni haujaisha katika nchi hii, na hapo mtoto wa mkulima alikuwa ameugusa bila ya kufundishwa. Mimi naona amesoma sawasawa. Adili anapiga kwa amri, huku akihuzunika, na hadithi haipati raha mpaka mfalme aingilie kati kuwaombea wale ndugu msamaha.

Sasa nauliza, kitabu kinachowafanya watoto wa darasa la sita wabishane juu ya adhabu, husuda, urithi na msamaha, kwa Kiswahili safi, tukiondoe kwa sababu kina jini? Shule yetu ina nakala moja tu, nayo imeshonwa kwa uzi mara mbili. Rafuni kinapokaa vimebaki vitabu vya kiada, na mtoto asiye na cha kusoma ila cha mtihani huacha kusoma siku mtihani unapokwisha.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, wajumbe wa kamati wakisome kitabu kizima kabla ya kupiga kura, na asiyeona vizuri asomewe na mwanawe. Adili mwenyewe hakuhukumiwa kwa habari za kuambiwa. Mfalme alimwita kwanza akamsikiliza, nasi tusikihukumu kitabu bila ya kukisikia. Pili, mzazi mwenye wasiwasi juu ya majini au mapenzi aje darasani tunapokisoma, aulize na aulizwe. Tatu, wenye uwezo, yaani wachapaji, halmashauri na wale waliosoma katika shule za vijijini wakafanikiwa, watusaidie kupata nakala zaidi za vitabu vya hadithi, hiki na vya wengine.

Sisemi kila mtu akipende kitabu hiki. Mwalimu mwenzangu, ambaye namheshimu sana, bado anasema kina mahubiri mengi kuliko hadithi, na hatujapatana hadi leo. Lakini yeye na mimi tunaweza kubishana kwa sababu sote tumekisoma. Mtoto ambaye kitabu kimefungiwa kabatini hana la kubisha, na mtu asiyejua kubisha kwa hoja akiwa mdogo, akikua atabisha kwa ngumi. Kamati itakaa kabla ya shule kufungwa. Mimi nitasimama kukitetea, na nitafurahi kama wasomaji wengine wataandika, hata wale wasiokubaliana nami.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Tanga.