Nyimbo za Stesheni

Yapo mambo ambayo mtu huyazoea hata asiyasikie tena, na siku ayakosapo ndipo atambuapo kwamba yalikuwa sehemu ya maisha yake. Kwangu mimi mojawapo ni nyimbo fupi za stesheni za treni za Tokyo.

Nilipokuwa masomoni Japani mwaka 2018, nilipanga chumba Takadanobaba na kusoma Ebisu, stesheni ya sita kwa treni ya Yamanote, ambayo huuzunguka mji kwa muda wa saa moja hivi. Zamani abiria wa huko waliharakishwa kwa kengele kali. Mnamo Machi 1989 kampuni ya JR East ilianza kupiga muziki mahali pa kengele katika stesheni za Shinjuku na Shibuya, ili watu wasihangaishwe, na mtindo huo ukaenea.

Kila wimbo ni wa sekunde chache tu. Gadi hubonyeza swichi jukwaani, muziki ukalia. Aonapo abiria wamekwisha kuingia huuzima, na milango ikafungwa. Asubuhi za haraka wimbo hukatwa katikati.

Wimbo wa Ebisu umetoka katika filamu ya Kiingereza ya mwaka 1949, The Third Man. Ulitumiwa katika matangazo ya bia iliyoupa mtaa huo jina lake. Wa Takadanobaba ni wa Astro Boy, mtoto wa chuma ambaye, katika hadithi ya mchoraji Tezuka Osamu, alizaliwa papo hapo tarehe 7 Aprili 2003. Mwaka huo huo stesheni ikaanza kuupiga.

Nilikuwa huko mwezi wa pili mke wangu alipojifungua mtoto wa kike. Ndani ya treni za Japani si adabu kuongea kwa simu, kwa hiyo kila jioni nilishuka Takadanobaba, nikasimama jukwaani na kupiga nyumbani, ambako ilikuwa mchana. Mke wangu aliiweka simu sikioni mwa mtoto, nami nikasema machache. Treni hazikukoma kupita, na wimbo ule uliingia katika kila mazungumzo yetu.

Niliporejea, binti yangu alikuwa na umri wa miezi saba. Uwanjani nilimpokea kwa mikono miwili; akanitazama, akalia, akamgeukia mama yake. Sikumlaumu, kwani mgeni nilikuwa mimi. Usiku ule nilikaa kando ya kitanda chake nikauvumisha wimbo wa stesheni kwa sauti ya chini. Akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kidole.

Sasa nasikia nyimbo hizo zinapungua. JR East inaongeza treni zinazoendeshwa na dereva peke yake, bila gadi wa kubonyeza swichi, na imepanga kuifikishia Yamanote utaratibu huo mnamo mwaka 2030. Mahali pengine muziki wa jukwaani umekwisha kunyamaza, na sauti hutoka katika treni yenyewe.

Binti yangu sasa anasoma shule ya msingi. Juzi aliniuliza, "Baba, mbona wimbo wako huumalizi?" Nikagundua kwamba miaka yote hii nimekuwa nikimwimbia mpaka pale tu gadi alipokuwa akiuzima.