Anayebeba bastola ndani ya nguo: kuikagua ni sehemu ya amana

SWALI: Mwanangu anaishi Marekani, mji wa Columbus, jimbo la Ohio, na anafanya kazi ya usiku kwenye kituo cha mafuta. Juzi kanambia kuwa ana bastola, huivaa kiunoni ndani ya nguo, na serikali ya huko inamruhusu. Nilishtuka sana. Akanituliza kwa kunambia kwamba huikagua kila siku kama anavyokagua gari lake. Nauliza, huko kukagua kuna uzito wowote katika dini? Na ikijifyatua yenyewe ikamuua mtu, atakuwa na dhambi? Maana hata msikitini huenda nayo.

JIBU: Mama yetu, khofu yako tunaielewa. Sisi wa visiwani bunduki tumezoea kuiona begani mwa askari, si kiunoni mwa mtoto tuliyemlea wenyewe. Huko aliko mwanao ni jambo la kawaida. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihukumu kuwa watu wana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba zao kwa ajili ya kujilinda, na mwaka huo huo Ohio ikaondoa sharti la kibali kwa mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haijamzuia kumiliki silaha. Kujilinda na kuilinda familia ni haki katika dini yetu, na wanaofanya kazi za usiku peke yao wana sababu zao. Hilo hatutalirefusha. Tutakalorefusha ni hilo la kukagua, kwani ndilo lenye mafunzo, na wengi wanaobeba silaha hawalijali.

Ama uzito wake katika dini, upo na ni mkubwa. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa anayepita na mishale katika misikiti au masoko yetu azishike ncha zake kwa mkono, asije akamjeruhi Muislamu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Tazama vizuri: mtu huyo hakukatazwa kubeba mishale. Alichoamrishwa ni kuwa na habari na ncha zake muda wote awapo kati ya watu. Bastola ncha yake haionekani, imo ndani ya chuma, basi kuishika ncha yake ni kujua kila wakati ina nini ndani na iko katika hali gani. Huko ndiko kukagua. Zipo pia Hadithi za kukataza kupokezana upanga ukiwa nje ya ala, na za kukataza kumuelekezea silaha ndugu yako hata kwa mzaha, kwa kuwa huenda shetani akauchezesha mkono.

Sasa hukaguliwa nini? Bastola inayovaliwa mwilini si kama iliyofungiwa kabatini. Inakula jasho, hasa wakati wa joto, na chumvi ya jasho huleta kutu haraka kuliko mvua. Inakusanya vumbi na nyuzi za nguo mdomoni mwa mtutu na kwenye sehemu zinazoteleza. Mafuta yake hukauka. Ala yake, ikiwa ni ya ngozi, hulegea kwa kutumika hadi mdomo wake ukajikunja kwa ndani. Hapo mtu akiirudisha bastola kwa nguvu, ule mkunjo wa ngozi unaweza kukivuta kifyatulio kama kidole kinavyokivuta. Kamba ya koti au pindo la shati likiingia ndani ya ala hufanya kazi ile ile. Visa vingi ambavyo watu husema "imejifyatua yenyewe", ukivichimba utakuta kuna kitu kilikigusa kifyatulio. Kwa hiyo ala hukaguliwa kama bastola yenyewe, na ikilegea hutupwa, ingawa ilinunuliwa kwa bei kubwa.

Risasi nazo huchoka. Mwenye tabia ya kuzitoa kila jioni na kuzirudisha kila asubuhi, mara nyingi ile ile moja ndiyo inayoingia chemba kila siku. Kwa kugongwa mara nyingi, kichwa chake huzama kidogo kidogo ndani ya ganda, nafasi ya baruti ikapungua, na siku itakapopigwa shinikizo lake linaweza kuipasua bastola mkononi. Kuijua ni rahisi: isimamishe pamoja na risasi mpya juu ya meza. Iliyozama utaiona ni fupi, na haifai kurudishwa.

Hapa tumsikilize mwanao kwa makini zaidi, kwa sababu hatari ya pili imo katika kukagua kwenyewe. Ajali nyingi hutokea nyumbani, mtu anapoisafisha bastola au anapoionyesha kwa wenzake, na kauli ni moja siku zote, kwamba alidhani ni tupu. Kosa linalojulikana sana ni la mpangilio. Bastola ya magazini ina risasi mahali pawili, kwenye magazini na ndani ya chemba. Anayeitoa magazini akaishia hapo ameiacha moja ndani. Na anayeanza kwa kuvuta kifuniko cha juu ili atoe ile ya chembani, kisha ndiyo akaitoa magazini, anajidanganya, kwani kifuniko kiliporudi kilishaingiza nyingine. Utaratibu ni magazini kwanza, kisha chemba, kisha kutazama ndani kwa macho na kupapasa kwa kidole, mdomo wa bastola ukielekea mahali ambapo ikifyatuka haitamdhuru mtu, na risasi ziwekwe chumba kingine kabla kazi haijaanza. Baadhi ya bastola, Glock zikiwemo, haziwezi kufunguliwa kwa kusafishwa mpaka kwanza kifyatulio kivutwe. Mwenye kuruka hatua moja hapo huigundua kwa mlio.

Kwa hivyo kukagua ovyo ovyo hatukusifu. Wapo wanaoitoa na kuichezea kila wanapokaa, wakaliita hilo ni kukagua. Kila kuishika ni nafasi ya kukosea. Iwe kwa wakati maalumu, peke yake, simu pembeni, watoto wasiwepo, kisha irudi kwenye ala na isiguswe tena bila haja.

Katika kukagua pia ni kufuatilia matangazo ya waliyoitengeneza. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuzirekebisha bastola zake za P320 bila malipo, baada ya majaribio kuonyesha kuwa baadhi ziliweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani. Aliyekuwa nayo na hakufuatilia aliendelea kutembea nayo vile vile.

Na kuna kukagua kwa aina nyingine, nako ni kujua iko wapi. Utadhani ni mzaha, lakini mwaka 2023 maafisa wa ukaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani walizikamata silaha za moto 6,737 kwenye mizigo ya mkononi ya abiria, na kiasi cha 93 katika kila 100 zilikuwa na risasi. Udhuru unaosikika sana hapo ni kwamba mtu alisahau kuwa imo mkobani. Faini yake hufika maelfu ya dola, na polisi huitwa. Wenye jamaa wanaokuja nyumbani kwa Iddi au harusi wawahimize wautie mkono kila mfuko wa begi kabla ya kutoka. Jambo baya zaidi lilitokea Disemba 2014, katika duka moja kubwa jimboni Idaho: mtoto wa miaka miwili aliingiza mkono ndani ya mkoba wa mama yake, akaikuta bastola, ikafyatuka, na mama akafa pale pale. Mama yule alikuwa na kibali na mkoba ulikuwa na mfuko maalumu wa silaha. Alichokosa ni kuwa nayo mwilini au kuifungia.

Tunarudi kwenye dhambi. Kuua kwa makosa hukumu yake imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92. Kuna mambo mawili: diya kwa warithi wa aliyeuawa, isipokuwa wakisamehe, na kafara ya kuacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata, ndiyo hali ya leo, afunge miezi miwili mfululizo. Haya yanamlazimu hata kama hakukusudia. Ama dhambi, aliyechukua tahadhari zote kisha qadari ikapita, kukosea kumesamehewa. Lakini aliyejua ala yake imelegea akaendelea kuivaa, au aliyeiacha juu ya kitanda na watoto wamo ndani, huyo ana dhambi ya kupuuza, na neno "sikukusudia" halimtoshi. Na jambo ambalo jamaa wengi hawalijui ni kuwa diya ya makosa, kwa asili yake katika fiqhi, hubebwa na 'aqila, yaani jamaa wa kiumeni wa upande wa baba. Hivyo hata ami zake walioko Wete au Mkoani wana haki ya kumuuliza kijana wao anaivaaje. Mahakama za huko nazo zina adhabu zao, mbali na haya.

Kuhusu msikiti, kuswali na silaha hakuibatilishi Swala. Qur-aan yenyewe, katika Swala ya khofu, imewaamrisha wanaoswali wachukue silaha zao. Na tangu mauaji ya Quebec mwaka 2017 na ya Christchurch mwaka 2019, ambapo waliuawa watu 51, misikiti mingi ya nchi za Magharibi ina walinzi wake. Hata hivyo sheria ya Ohio inakataza kuingia na silaha katika nyumba ya ibada mpaka wenyewe waruhusu, basi aanze kwa kuiuliza kamati ya msikiti, na wakikataa asiingie nayo. Wakikubali, ajaribu kwanza nyumbani, bastola ikiwa tupu kabisa, kurukuu na kusujudu huku ameivaa. Ala isiyoshika vizuri huiachia mtu anapoinama. Ikidondoka, asiidake hewani, kwani kidole kinachodaka ndicho kinachoangukia kwenye kifyatulio. Aiache ifike chini, kisha aiokote kwa utulivu. Na anapokwenda chooni au kutawadha asiitoe akaiweka juu ya karo. Zilizosahauliwa vyooni ni nyingi.

Utakapompigia, mama yetu, usianze kwa kumgombeza. Muulize analala nayo wapi. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi ya huyo huyo Abu Musa, alipopata habari ya nyumba iliyoungua Madina usiku na watu wake wamo ndani, alisema kuwa moto ni adui, na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Wewe mwenyewe huenda hulali kabla hujautazama mtungi wa gesi. Bastola usiku iwe ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa, na ufunguo usiwe juu yake. Akikujibu kuwa iko chini ya mto, na wajukuu zako wanalala chumba cha pili, mwambie akanunue kisanduku kesho kabla ya zamu yake.

Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.