Kabla ya Kupanda Nyusi, Tuulize Zilikwenda Wapi

Mwanamke avaapo nikabu, uso wake wote huwa ni macho na nyusi. Mimi niliyezaliwa na kulelewa Garissa nimewaona akina mama na mabinti wa mji huu wakipita sokoni na kando ya Mto Tana maisha yangu yote, lakini sikulitia jambo hilo maanani mpaka mwaka jana, mpwa wangu aliponiketisha chini ya mwarobaini na kunieleza kwa nini hutembea akiwa ameinamisha kichwa.

Alipokuwa na umri wa miaka sita aliangukia jiko la makaa. Mola alimhifadhi jicho, lakini nusu ya unyusi wake wa kushoto iliteketea, na mahali pake pakabaki kovu jororo lisiloota kitu. Sasa amekuwa msichana wa kuposwa, na amekwisha kuposwa.

"Abti," aliniambia, kwa neno tunalomwitia nduguye mama sisi Wasomali, "nimepata mtu atakayenipeleka Istanbul nikapandikizwe nyusi. Siku nne tu, kisha nimerudi. Baba yuko radhi kuuza ngamia. Harusi ni baada ya miezi mitatu. Nieleze tu njia iliyo bora: ile ya kukata ukanda wa ngozi, au ile ya kung'oa nywele moja moja?"

Nitakiri, msomaji, kwamba neno la kwanza lililonijia kinywani lilikuwa la kukemea. Ngamia auzwe kwa ajili ya nyusi! Lakini nilipomtazama, nikaona kwamba hata pale, mbele ya mjomba wake, alikuwa ameugeuza uso ili nisilione kovu. Nikanyamaza. Kisha nikaanza kuuliza na kusoma, na leo nawaletea niliyoyapata, kwa maana najua kwamba mpwa wangu si peke yake.

La kwanza ni kwamba tiba hii haikuzaliwa kwa ajili ya anasa. Mnamo mwaka 1939 daktari mmoja wa Japani, Shoji Okuda, aliandika jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvipandikiza kwa watu waliopoteza nywele za kichwa na nyusi, wengi wao kwa makovu. Wengine walioinufaikia tiba ya namna hii baadaye ni watu waliougua ukoma, ugonjwa unaonyoa nyusi na kumtangaza mgonjwa mbele ya kila amtazamaye. Basi anayetaka kurejeshewa alichonyang'anywa na moto au maradhi asichekwe kana kwamba anakimbilia mitindo.

Hata katika dini, wanaojua hutenganisha mambo haya mawili. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba kuchonga nyusi kwa kujipamba kumekatazwa. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, liliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro zilizoletwa na kuungua, ajali na maradhi, na kupandikiza nywele zilizoanguka kukatajwa humo. Mwenye shaka na amwendee sheikh wake. Mimi si mufti.

La pili, na ndilo kubwa kuliko yote, ni swali ambalo yule dalali hakumwuliza mpwa wangu hata mara moja: nyusi zilikwenda wapi? Nyusi hazipotei kwa moto pekee. Tezi ya shingoni ikizembea kazi yake, ncha za nje za nyusi hupukutika. Yapo maradhi ambayo kinga ya mwili huishambulia mizizi ya nywele. Upo ukoma. Ipo tabia ya kuzing'oa miaka nenda miaka rudi hadi mizizi ichoke. Ugonjwa ukiwa bado hai, kupandikiza ni sawa na kupanda mahindi katika shamba ambalo nzige hawajaondoka: kilichokula mbegu ya kwanza kitaila na ya pili. Mgonjwa wa tezi huhitaji vidonge, si kisu. Na aliyepewa kisu badala ya vidonge hupoteza fedha, kisha hubaki na ugonjwa wake.

Sasa niziendee njia zenyewe. Zote mbili huchukua nywele kisogoni au nyuma ya sikio na kuzihamishia usoni kwa dawa ya ganzi. Katika ya kwanza, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi, hushona jeraha, kisha wasaidizi huitenganisha mizizi chini ya hadubini. Faida yake ni kwamba mizizi michache hukatika. Hasara ni kovu la mstari kisogoni. Katika ya pili, hutumiwa kitoboleo cha duara ambacho upana wake hauzidi milimita moja, na mzizi hutolewa mmoja mmoja. Hakuna mstari, ila vidoa vidogo vilivyotawanyika.

Mtu angedhani kwamba ya pili ni bora bila mjadala, na ndivyo madalali wasemavyo. Lakini nywele za watu wengi wa bara letu hujipinda, na mpindo huo huendelea hata chini ya ngozi. Kitoboleo kinachoshuka wima mikononi mwa asiyezizoea nywele hizi huukata mzizi kabla ya kuutoa, na mzizi uliokatwa aghalabu hauoti. Kwa upande mwingine, mtu ambaye ngozi yake hutunisha makovu, yale yaitwayo keloidi, ana haki ya kuuogopa ukanda, na hata vitobo vile, maana hatari ya kovu imo katika njia zote mbili. Kwa hiyo hakuna njia iliyo bora kwa watu wote. Kuna iliyo bora kwa kichwa hiki na ngozi hii, na kwa mkono uliozoea.

Na mkono ndio hasa. Nywele za nyusi hazisimami, bali hulala karibu kabisa na ngozi. Karibu na pua huelekea juu, katikati hulala kuelekea sikio, na mwishoni za juu hushuka na za chini hupanda hadi zikutane. Kila unyusi huweza kuhitaji kuanzia nywele 50 hadi mia kadhaa, na kila mmoja una pembe yake. Pembe ikikosewa, nyusi husimama kama miiba ya nungunungu. Hapo ndipo mtu hutamani lile kovu lake la zamani.

Ziko hatari nyingine. Jeraha huweza kuingia vijidudu. Nywele huweza kuota kwa ndani na kuleta vipele. Nyusi mbili huweza kutofautiana. Macho huvimba kwa siku kadhaa. Kovu la moto nalo lina damu chache, hivyo sehemu ya nywele zilizopandwa humo huweza kufa, na huenda kazi ikarudiwa zaidi ya mara moja.

Jambo jingine lilimshangaza mpwa wangu kuliko hatari zote. Mnamo mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alionyesha kwamba nywele zilizohamishwa hushika tabia ya zilikotoka. Nywele ya kisogoni hukua kiasi cha sentimita moja kila mwezi, na ikipandwa juu ya jicho huendelea hivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye nyusi za kupandikizwa huzipunguza kwa mkasi maisha yake yote. Tena, nywele zilizopandwa aghalabu hupukutika katika majuma ya kwanza, hukaa kimya, huanza kuchomoza baada ya miezi mitatu au minne, na matokeo kamili huonekana karibu na mwaka mmoja. Harusi ilikuwa baada ya miezi mitatu! Laiti angekwenda, angeketi mbele ya wageni wake wakati ule ule ambapo uso ungekuwa na upungufu kuliko awali.

Nilimpeleka Nairobi kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, safari ya kilomita zipatazo 370. Kabla ya kwenda tulihakikisha kwamba jina lake limo katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Msomaji asilione hilo kuwa jambo dogo. Mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, na Baraza hilo likaifunga kliniki iliyohusika. Daktari alilibonyeza kovu, akauchunguza unyusi wa pili, akauliza kama ngozi yake hutunisha makovu, akaagiza damu ipimwe. Kisha akatoa ushauri ambao haukuwamo katika picha za dalali: zipandwe kwanza nywele chache tu ndani ya kovu, tungoje miezi kadhaa, na zikishika ndipo kazi yenyewe ifanywe.

Mpwa wangu aliolewa akiwa ameuchora unyusi wake kwa kalamu. Ngamia hawakuuzwa. Nywele za majaribio zilipandwa baada ya harusi, na tunangoja.

Lakini nikiwa katika basi la kurudi nyumbani, swali jingine lilinikereketa. Mtoto huyu aliungua akiwa na miaka sita. Jeraha lilipofunga, aliambiwa amepona, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena aangaliwe. Hivyo ndivyo dalali alivyompata. Anayetoka Mandera husafiri takriban kilomita 1,000 kabla ya kumwona daktari wa namna hii, na anayeishi kambini Dadaab ana vizuizi vingine juu ya umbali. Je, kaunti za Garissa, Wajir na Mandera haziwezi kushirikiana zikamleta daktari wa makovu hata mara chache kwa mwaka, akawaona walioungua papa hapa? Ngamia wanaouzwa kimya kimya kwa ajili ya safari za gizani wangetosha kulipia sehemu ya gharama hiyo.

Na wewe binti unayesoma haya, ukijiwa na mtu mwenye picha nzuri na siku nne za ahadi, usianze kwa kumwuliza njia ipi. Mwulize amegundua nini kuhusu ugonjwa wako, nani atakayeushika mkasi, na nani atakayekuangalia jeraha likivimba usiku wa manane hapa Garissa. Akibabaika, funga mlango. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.