Siku Mbili za Msasa, Nusu Saa ya Rangi



Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, nilikuwa nikirudisha gari nyuma nikaligongesha bampa kwenye nguzo ya lango langu mwenyewe. Haikuwa ajali ya kusimuliwa barazani. Rangi ilichubuka kiasi cha kiganja, na upande wa kushoto pakatokea ufa wa urefu wa kidole. Fundi wa gereji alinitajia bei iliyonifanya nimshukuru na kurudi nyumbani. Kijana wangu wa pili, ambaye mikono yake ina ufundi kuliko vitabu vyake, akasema, “Abba, niachie mimi.”

Nilimwachia, ila kwa sharti kwamba kazi ikamilike kabla ya sikukuu. Alinunua kopo la rangi ya kupulizia, akasugua kwa haraka, akapuliza. Jioni bampa liling'aa, nami nikamsifu mbele ya majirani. Wiki ya tatu nililipeleka gari kuoshwa. Maji ya mashine yalipogusa ukingo wa bampa, rangi ikabanduka vipande vipana, mithili ya nyoka ajivuaye gamba. Kijana hakusema neno. Kosa lilikuwa langu, kwani nilimpa siku moja kwa kazi ya siku tatu.

Tuliirudia kazi ile pamoja, tukiongozwa na mzee mmoja wa mtaani aliyepaka magari rangi miaka mingi kabla ya macho yake kudhoofika. Neno lake la kwanza lilikuwa swali: “Mmelipindua mkalisoma?” Tulilifungua bampa, tukalilaza juu ya mkeka mkuukuu, na kwa ndani tukaona herufi zilizochapwa katika plastiki: PP+EPDM. Maana yake ni polipropilini iliyochanganywa na namna ya mpira ili isivunjike kwa pigo dogo. Plastiki hiyo ni ya ukoo mmoja na mabeseni na ndoo zetu za jikoni. Aliyewahi kujaribu kuunga beseni lililopasuka kwa gundi ya kawaida anajua jinsi gundi inavyokauka, kisha ikang'oka yote kwa ukucha. Rangi nayo hufanya vivyo hivyo. Bati la mlango huipokea rangi ya msingi kwa wepesi, ilhali plastiki tupu ya aina hii huikataa, isipokuwa imetangulizwa dawa maalumu ya kushikisha. Kijana wangu hakuwa na habari ya dawa hiyo, wala mimi.

Kosa la pili lilikuwa la mpangilio. Alisugua kwanza, akaosha baadaye. Gari linalooshwa mjini hupakwa vilainishi vya kung'arisha plastiki na matairi, na vingi vyavyo vina silikoni. Ukipitisha msasa kabla ya kuviondoa, unavisukuma ndani ya mikwaruzo, navyo hujitokeza wakati wa kupaka: rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Kwa hiyo anza kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, nje na kingo za ndani. Suuza kwa maji matamu, maana maji ya visima vyetu vingi hapa Mombasa yana chumvi, na chumvi ikikauka chini ya rangi huleta malengelenge. Likishakauka, pitisha dawa ya kuondoa mafuta na nta kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufutia kabla dawa haijakauka yenyewe. Usitumie petroli, kwani huacha mafuta yake nyuma. Tangu hapo usiliguse bampa kwa mkono mtupu. Mzee alinitazama vidole, nilikuwa nimetoka kula samaki wa kupaka, akanielekeza kwenye glavu bila ya kusema kitu.

Sasa msasa. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haina haja ya kung'olewa, kwani yenyewe ni msingi mwema. Kinachotakiwa ni kuulainisha ukingo kati ya rangi na pale palipochubuka, hadi ukipitisha kiganja, umefumba macho, usihisi ngazi. Tulianza na nambari 180 kwenye ukingo huo tu, tukafuatisha 320, kisha 400 juu ya bampa zima mpaka mng'ao wote ukafa. Zungushia msasa kibao, au kipande cha sponji ngumu penye mikunjo. Ncha za vidole huchimba mifereji usiyoiona leo, ila utaiona rangi ikikauka. Mifuo iliyo karibu na taa na sahani ya nambari ndiyo inayosahauliwa, na ndipo rangi yetu ya kwanza ilipoanzia kubanduka.

Ufa una habari yake. Puti ya kawaida ya mabati hukauka ngumu, na bampa likipinda kidogo huipasua. Ziko puti za plastiki zenye kunyumbuka, na hizo ndizo za kununua. Mzee alituchomea ufa kwa ndani kwanza, kwa chuma cha moto na kipande cha plastiki ya aina ile ile, ndipo puti ikafuata kwa nje, nyembamba. Puti husuguliwa kavu, kwa kuwa hunywa maji kama sponji na kuyatoa baadaye chini ya rangi. Ikiwa ufa umefika kwenye vishikizo vya bampa, au pigo lilikuwa zito, acha habari ya rangi kwanza ukatazame mhimili wa chuma ulioko nyuma yake. Na gari lenye vitambuzi vya kuegeshea au rada nyuma ya bampa lisijazwe puti wala rangi nene mbele ya vifaa hivyo, kwani huenda vikashindwa kuona.

Penye plastiki tupu tulipuliza dawa ya kushikisha, mkono mmoja mwepesi. Rangi ya msingi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, kwani kuna dawa ambazo ukizichelewesha huwa kana kwamba hukuzitia. Tukapiga mikono mitatu myembamba ya rangi ya msingi, tukisubiri kama robo saa baina ya mmoja na mwingine. Ilipokauka kabisa, mzee alitufunza jambo nililolipenda kuliko yote. Alipuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya weupe ule, akamwambia kijana asugue kwa msasa wa maji nambari 600. Palipobaki weusi ndipo palipo na bonde. Tulidhani tumemaliza, kumbe tulikuwa na mabonde manne.

Rangi yenyewe isinunuliwe kwa macho. Kijana alikuwa amenunua “nyeupe”, na nyeupe ni nyingi. Katika magari ya Toyota, ambayo ndiyo yaliyojaa njiani, tazama kibati kilichoko chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, penye C/TR. Nambari 040 ni nyeupe ya kawaida. Ukikuta 070, hiyo ni nyeupe ya lulu, hupakwa kwa tabaka tatu, na kwa hiyo mpelekee fundi usijitaabishe.

Binti yetu mdogo ana pumu, na mara ya kwanza tulipuliza rangi uani huku dirisha lake li wazi. Usiku ule alikohoa hadi alfajiri. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa, na watoto waondoke uani pamoja na jiko la makaa, kwa sababu mvuke huo hushika moto. Vanishi inayochanganywa na kigumushi ina kemikali iitwayo isosayanati, nayo huweza kumletea pumu hata mtu mzima aliyekuwa na afya. Hiyo haifai kutumiwa nyumbani kamwe. Sisi tulitumia vanishi ya kopo isiyo na kigumushi. Haidumu kama ile, lakini tuliridhika.

Tulichagua siku ya kaskazi isiyo na mvua, mnamo saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha na upepo wa alasiri haujaanza kuleta mchanga. Bampa lilikaa kivulini, kwani likipata moto wa jua rangi hukauka kabla ya kutandaa. Kivuli cha mwembe tulikikataa baada ya jani la kwanza kuanguka. Kabla ya kupuliza tulilikung'uta, maana maji ya msasa hujificha kwenye matundu ya taa na kudondoka katikati ya kazi. Tukalifuta mara ya mwisho kwa dawa ya mafuta, kisha kwa kitambaa cha kunata kinachookota vumbi.

Kupaka kwenyewe kulichukua chini ya nusu saa. Jioni nilikwenda kulitazama, nikanyoosha kidole gumba. Kijana alinishika kiwiko kwa adabu. “Bado, Abba,” akasema. “Kesho kutwa.”